Damu ya Kando ya Ziwa

Mwaka 1953 wanaume 30 wa Kijaluo walikubali kutiwa malaria mwilini kwa makusudi. Walikuwa watu wazima wenye afya, na kwa miezi isiyopungua 18 walikuwa wameishi mbali na maeneo yenye malaria. Ripoti iliyochapishwa mwaka uliofuata katika British Medical Journal haikuwataja kwa majina. Iliwagawa katika mafungu mawili tu: 15 waliokuwa wamerithi kasoro fulani ya damu kutoka kwa mzazi mmoja, na 15 ambao hawakuirithi. Baadhi walidungwa damu yenye vimelea, wengine wakaumwa na mbu walioambukizwa. Kisha damu yao ikachunguzwa kwa wiki kadhaa. Katika lile fungu lisilo na urithi huo, watu 14 walionekana na vimelea. Katika fungu la pili walikuwa wawili.

Majaribio ya kuambukiza watu malaria kwa hiari hayajakoma. Yamefanywa hata Kilifi katika miaka ya karibuni, ila siku hizi mshiriki husomewa fomu ndefu kwa lugha yake, hulazwa karibu na madaktari, na anaweza kujitoa wakati wowote. Tunachojua kuhusu ridhaa ya wale 30 ni neno moja la ripoti, kwamba walijitolea. Namna walivyoelezwa jambo lenyewe haikuandikwa. Hata hivyo, kila kitabu cha baiolojia kinachofundisha kwa nini ugonjwa wa selimundu, unaompata aliyerithi kasoro ile kwa wazazi wote wawili, umedumu duniani kinasimama juu ya damu yao.

Aliyefanya jaribio hilo, Anthony Allison, hakuwa mgeni wa Kenya. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia katika shamba la wazazi wake huku Bonde la Ufa, kisha akaenda kusomea udaktari. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi, alirudi na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye akakusanya damu ya watu. Akapita nyanda za juu, pwani na kando ya Ziwa Victoria. Siku zile kipimo chenyewe kilikuwa rahisi kiasi cha kufanyika mezani popote. Tone la damu liliwekwa kwenye kioo, likachanganywa na kemikali inayonyonya oksijeni, likafunikwa na kioo chembamba ili hewa isiingie, kisha likatazamwa kwa hadubini. Damu isiyo na kasoro ilibaki na chembe zake za mviringo. Damu yenye kasoro ilibadilika machoni pa mtazamaji, chembe moja baada ya nyingine ikajikunja na kuchongoka kama mundu.

Alipojumlisha matokeo aliona mpangilio ambao haukufuata kabila wala lugha. Nyanda za juu na sehemu kame, waliobeba kasoro hiyo hawakufika mtu mmoja katika 100. Pwani na ziwani walipita 20. Mtu akiteremka kutoka milima ya Kisii kuelekea Homa Bay, safari ya saa chache tu, anapita katikati ya tofauti hiyo. Allison aliyejua mbu wa Kenya tangu utotoni alifikiria malaria mara moja. Ilimbidi arudi kumaliza masomo kwanza, na ndiyo sababu jaribio lenyewe likangoja hadi 1953.

Si kwamba hakuna aliyewahi kuliwazia jambo hilo. E. A. Beet, daktari wa serikali huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, alikuwa ameandika mwaka 1946 kwamba wagonjwa wake wenye chembe za mundu walionekana kuwa na malaria kidogo kuliko wengine. Uganda nako, Hermann Lehmann na Alan Raper walikuwa wamepima makabila mbalimbali na kuona kwamba viwango vinatofautiana sana, lakini wao wakatafuta maelezo katika asili na uhamaji wa watu. Allison aliongeza ushahidi wa pili kutoka Buganda. Alipima watoto 290. Kati ya 43 waliobeba kasoro, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasioibeba, walikuwa 113. Wanasayansi wengi hawakumwamini upesi. Marekani, wafungwa weusi waliambukizwa malaria kwa njia kama yake na tofauti haikuonekana. Nairobi, kikundi cha Henry Foy na Athena Kondi kikafanya uchunguzi wake na kuuchapisha mwaka 1955; mwishoni mwa orodha ya waandishi limo jina la Kijaluo, T. Oluoch. Ubishi uliendelea kwa miaka, na uliisha kabisa pale watafiti walipofuatilia watoto wengi kwa muda mrefu. Huko Asembo, ng'ambo ya Ghuba ya Winam ukiwa Homa Bay, watoto zaidi ya 1,000 walifuatiliwa tangu kuzaliwa, na ripoti ya mwaka 2002 ikaonyesha kwamba waliobeba kasoro moja walipungukiwa vifo kwa zaidi ya nusu kati ya mwezi wa 2 na wa 16 wa maisha, ukilinganisha na wenzao. Kilifi nako kikapimwa kiwango cha kinga dhidi ya malaria kali, kikakaribia asilimia 90.

Hapa ndipo simulizi hii huishia katika vitabu vingi: jeni moja huokoa, jeni mbili huua, na mizani ya maumbile imekaa sawa. Ni simulizi safi mno kwa ladha yangu. Imehesabu kinga na kuwasahau waliolipa gharama yake. Wazazi wawili wanaobeba kasoro, wote wazima, wasioumwa hata kichwa, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto aliyerithi pande zote mbili. Katika eneo ambalo mtu mmoja kati ya watano au sita ni mbebaji, ndoa za namna hiyo ziko kila kijiji. Uchunguzi wa watoto wadogo huko Nyando, upande wa Kisumu, ulikuta 17 katika kila 100 wakiwa wabebaji, na kati ya mmoja na wawili wakiwa na ugonjwa wenyewe.

Muda mrefu kabla ya hadubini kufika, nyumba za Wajaluo wa Karachuonyo, Ndhiwa na Nyatike zilizijua dalili hizi. Mtoto alizaliwa na uzito mzuri, akanyonya vizuri, akacheka. Kuanzia mwezi wa sita hivi vidole vikavimba, mikono na miguu yote kwa pamoja, na mtoto akalia usiku kucha akiguswa tu. Macho yakageuka manjano. Wengu likakua hadi tumbo likajaa. Halafu siku moja, bila homa ya kutisha, akapauka na kufa kabla ya jioni. Wazee walitafuta chanzo: chira, yaani laana ya kuvunja mwiko wa ukoo, au jicho la jirani, au mkono wa jajuok, mchawi. Mama aliyezika wawili au watatu mfululizo ndiye aliyeulizwa maswali, mara chache sana mume wake. Mtoto aliyefuata katika nyumba kama hiyo aliweza kuwekwa njiani na kuokotwa na mtu mwingine, kana kwamba ametupwa, kisha akaitwa Owiti au Awiti, ili mauti yasimtazame kama mtoto wa nyumba ile. Majina hayo yapo hadi leo na wenye nayo wengi hawana uhusiano wowote na selimundu, maana surua, kuhara na malaria vilizika watoto wengi zaidi. Lakini siamini kwamba ugonjwa huu haumo katika historia ya jina hilo.

Vitabu vya hospitali navyo havikuuona. Daftari la wodi liliandika "malaria" na "upungufu wa damu", na mtoto alikuwa navyo vyote viwili kweli. Marekani yenyewe ilichelewa. Mgonjwa wa kwanza kuelezwa katika jarida la kitabibu alikuwa Walter Clement Noel, kijana kutoka kisiwa cha Grenada aliyekwenda Chicago mwaka 1904 kusomea udaktari wa meno. Daktari mwanagenzi aliyekuwa chini ya daktari James Herrick, Ernest Irons, ndiye aliyeziona chembe zake zilizopinda. Herrick akachapisha habari hiyo mwaka 1910. Noel alimaliza masomo, akarudi kwao kung'oa na kuziba meno, akafa kwa nimonia mwaka 1916. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo limo ndani ya hemoglobini yenyewe, na baada ya miaka michache Vernon Ingram, huko Cambridge, akaonyesha kwamba ni kiungo kimoja kidogo cha protini hiyo ambacho nafasi yake imechukuliwa na kingine. Badiliko hilo linatosha. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, hushikamana na nyingine na kuwa nyuzi ngumu, chembe ikapinda, ikakakamaa, ikashindwa kupenya katika mishipa midogo ambayo kwa kawaida chembe hupita moja moja kwa kujikunja.

Mishipa hiyo iko kila mahali, ndiyo maana ugonjwa huu hauna mahali pamoja pa kukaa. Ukiziba kwenye mifupa ya vidole ni uvimbe wa utotoni. Kwenye nyonga, mtu mzima anachechemea. Kwenye figo, jicho, wengu, kila kimoja kina msiba wake. Nao ubongo una misiba miwili. Mmoja ni wa mishipa mikubwa ya chini ya ubongo, ambayo kuta zake huvimba kwa ndani kutokana na kukwaruzwa na chembe zilizokakamaa, ikawa myembamba mwaka baada ya mwaka hadi damu ikakatika. Mwingine ni wa mishipa midogo kabisa, inayoziba kimyakimya. Mtoto haanguki, hapindi mdomo. Anashindwa tu kufuata hesabu ubaoni, anasahau alichotumwa dukani, na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba hasikilizi.

Ule wa kwanza, yaani kiharusi, hauwezi kukosa kuonekana, ingawa maana yake hukosewa sana. Mtoto wa miaka mitano anaamka asubuhi, anapewa uji, kijiko kinamponyoka mkono wa kulia. Anajaribu kukiokota kwa mkono uleule na mkono hauendi. Anaposema, maneno yanatoka yamevurugika. Ziwani, mtoto akipoteza fahamu au akipata degedege, mawazo ya kila mtu, daktari akiwemo, huenda kwanza kwenye malaria iliyopanda kichwani, kisha kwenye homa ya uti wa mgongo. Ni busara, kwa sababu magonjwa hayo mawili huua haraka na yana dawa. Lakini muuguzi mwenye uzoefu huuliza swali jingine huku akitafuta mshipa wa kudunga sindano: "Mama, vidole vyake viliwahi kuvimba akiwa mdogo? Kuna mwenzake mliyempoteza?" Mara nyingi anayejibu ni bibi aliyekaa pembeni ya kitanda, dani, kwa sababu yeye ndiye anayekumbuka wote.

Kiharusi kwa mtoto mwenye ugonjwa huu kiliandikwa mara ya kwanza mwaka 1923, katika mji wa Augusta, jimbo la Georgia, na daktari Virgil Sydenstricker na wenzake. Kwa muda wa miaka 60 hivi baada ya hapo, madaktari walikisubiri kitokee ndipo wakihudumie. Takwimu za Marekani zilizokusanywa kabla ya kinga kupatikana zilionyesha kwamba mgonjwa mmoja kati ya tisa hupatwa na kiharusi kabla hajafika miaka 20. Aliyebadilisha mambo, Robert Adams, alikuwa mjini humohumo Augusta. Alichukua mashine ya mawimbi ya sauti ambayo Rune Aaslid alikuwa ameanza kuitumia mwaka 1982 kupima mwendo wa damu ndani ya fuvu, akaanza kuwapima watoto wenye selimundu kabla hawajaugua.

Kipimo hicho hakina sindano. Mtoto analala chali, anapakwa jeli juu ya shavu mbele ya sikio, mahali ambapo fuvu ni jembamba, na kidude kidogo kinagandamizwa hapo. Chumba kinajaa mlio wa upepo unaokwenda na kurudi pamoja na mapigo ya moyo. Mshipa uliosinyaa hupitisha damu kwa kasi zaidi, kama bomba la bustani ulilolibana mdomo kwa kidole, na mashine huandika kasi hiyo kwa sentimita kwa sekunde. Mtoto akilala usingizi kasi hubadilika, kwa hiyo anayepima humchezesha asisinzie. Ikifika 200, hatari ya kiharusi ni kubwa mno kupuuzwa. Adams alichukua watoto 130 wa namna hiyo. Nusu wakaongezewa damu kila mwezi, nusu wakaendelea na huduma ya kawaida. Jaribio lilikatizwa kabla ya wakati wake kwa sababu majibu yalikuwa wazi: viharusi 11 kwa wasioongezewa damu, kimoja kwa walioongezewa. Yalichapishwa mwaka 1998.

Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, lakini ulipofika Afrika haukuwa na pa kukaa. Kuongezewa damu kila mwezi, kwa miaka yote ya utoto, kunahitaji benki ya damu isiyokauka, na kunahitaji dawa ya kuondoa madini ya chuma yanayorundikana mwilini. Katika wilaya za ziwani chupa ya damu ilitafutwa usiku, mjomba akapigiwa simu aje kutoa, na ilikuwa ya kuokoa mtoto aliyekuwa akifa kwa malaria saa ile ile. Hakuna aliyeweza kuitenga kwa ajili ya kiharusi ambacho hakijatokea.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo husemwa kwa nadra: watoto wengi hawakuishi kufikia umri wa kupata kiharusi. Makadirio yanayotumiwa sana, ya mwaka 2011, ni kwamba Afrika kati ya nusu na asilimia 90 ya waliozaliwa na ugonjwa huu walikufa kabla ya miaka mitano, wengi bila hata kupimwa. Kilichoanza kubadilisha hesabu hiyo ziwani ni vita dhidi ya mbu, ambavyo havikuanzishwa kwa ajili ya watoto hao. Vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa Asembo na Gem miaka ya 1990, vikasambaa. Nyumba za Migori zilianza kupuliziwa dawa ya ukutani kwa mpango mpya mwaka 2017, za Homa Bay mwaka 2018. Tarehe 13 Septemba 2019 Kenya ilizindua chanjo ya malaria huko Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Jeni iliyobakizwa na malaria haiondoki kwa sababu mbu wamepungua. Itabaki kwa vizazi vingi. Kinachobadilika ni kwamba mtoto anafika darasa la kwanza, na ubongo wake unakuwa na muda wa kuumia.

Kwa hiyo dawa iliyongojwa ilikuwa ya bei nafuu, ya kumezwa nyumbani. Dalili yake ilikuwa imeonekana zamani. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto mjini New York, aligundua kwamba damu ya watoto wachanga hupinda kidogo sana, akaeleza kwamba wanalindwa na hemoglobini waliyotoka nayo tumboni, ambayo hupungua miezi ya kwanza. Ndiyo ile miezi sita ya neema waliyoijua mama wa Karachuonyo. Haidroksiyurea, kemikali iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1869 na baadaye kutumiwa dhidi ya saratani ya damu, ina uwezo wa kuirudisha kwa sehemu hemoglobini hiyo. Mwaka 1995 ilithibitishwa Marekani kwa watu wazima wenye maumivu ya mara kwa mara. Swali la Afrika lilikuwa gumu zaidi: dawa inayopunguza chembe nyeupe, je, haitamwacha mtoto wazi kwa malaria?

Jibu lilipatikana katika vituo vinne, Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi, kwa watoto wapatao 600. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria nayo ikapungua kwa nusu, na vifo vikashuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Kuhusu ubongo, Nigeria ilionyesha kwamba hata dozi ndogo hupunguza viharusi pale ambapo damu ya kuongezea haipo. Na Mwanza, ziwa lilelile upande wa kusini, hospitali ya Bugando ilianza mwaka 2019 kuwapima watoto wa miaka 2 hadi 16 kwa ile mashine ya mawimbi ya sauti na kuwapa haidroksiyurea wale ambao kasi ya damu yao ilikuwa imeanza kupanda.

Homa Bay yenyewe iliingia katika historia ya utafiti kwa mlango mwingine. Kuanzia mwaka 2018, katika hospitali ya rufaa ya kaunti, watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Duke, Marekani, waliandikisha watoto 246 wenye selimundu wa chini ya miaka 10. Walitaka kujua kama proguanili, kidonge ambacho mtoto wa Kenya mwenye ugonjwa huu hupewa kila siku ya maisha yake kuzuia malaria, kinaweza kuachwa na badala yake akapewa moja kati ya dawa nyingine mbili mara moja kwa mwezi. Hakuna iliyoonekana kuzishinda nyingine kwa malaria, ambayo ilikuwa adimu katika makundi yote matatu. Safari hii wazazi walisomewa fomu na kutia sahihi au dole gumba, na kila mtoto alikuwa na kitabu cha kliniki.

Mwaka 2020 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kutunza wagonjwa wa selimundu. Umeandika mambo yote yanayotakiwa: kupima mapema, penisilini, kinga ya malaria, haidroksiyurea, uchunguzi wa ubongo. Kupima watoto wachanga bado hakujaenea nchi nzima, na kidonge cha haidroksiyurea cha miligramu 500 kilichotengenezwa kwa mtu mzima humlazimu muuguzi kupiga hesabu ya kilo za mtoto na siku za juma: leo kimoja, kesho hakuna. Kila miezi michache damu inapimwa tena kuona kama chembe nyeupe zimeshuka kupita kiasi. Kazi hiyo ya daftari na mizani, kwa maoni yangu, imeokoa watu wengi kuliko ugunduzi wowote niliousimulia hapa, na haina mwandishi wa kuitia jina kwenye jarida.

Walionusurika utotoni sasa wanatimiza miaka 18, 20, 25. Kliniki nyingi za ugonjwa huu zilianzishwa na madaktari wa watoto na bado ziko kwao, kwa hiyo kijana mwenye ndevu hupanga foleni nyuma ya wanaonyonya, au huhamishiwa kwa wakubwa, kwa daktari ambaye hakufundishwa sana kumtarajia. Anakuja na maswali ambayo daftari la wodi halikuwahi kuulizwa: kazi gani asiifanye, avue samaki usiku au asivue, na kama mchumba wake naye apimwe damu kabla ya mahari kupelekwa.